Mahali pa Uyoga pa Baba

Mireille: Haloo? Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

Bastien: Ni mimi, dada. Bastien. Hii simu ya mke wangu, yangu imezama kwenye hori la ng'ombe.

Mireille: Mdogo wangu. Hamjambo huko kwa baba?

Bastien: Tupo. Nimesimama juu ya ukuta wa makaburi, kijiji kizima ni hapa tu mtandao unapopatikana. Usinichekeshe, nitaanguka.

Mireille: Nikuchekeshe wapi? Ninyi ndio mnakula raha za shamba. Sisi wa Nantes tunasota mjini na—

Bastien: Raha? Baba anafunga madirisha ya mbao tangu asubuhi, eti joto lisiingie. Mchana kutwa tunakaa gizani kama popo. Wanangu wamekuwa weupe kuliko walivyokuja.

Mireille: [anacheka] Na supu?

Bastien: Kila usiku. Mwezi wa nane huu, jasho linatutiririka, yeye anatumiminia supu ya moto. Jana mwanangu Zélie kauliza tutatoka lini. Nadhani anatuona tuko kifungoni.

Mireille: Na mkeo, bibie wa Paris?

Bastien: Capucine? Ametugombanisha na watu. Kamuuliza jirani, mzee Dumazet, anaokota wapi uyoga wake.

Mireille: Kamuuliza wapi?

Bastien: Mbele ya watu, wamepanga foleni ya mkate.

Mireille: Heri angemuuliza analala na nani.

Bastien: Sasa Dumazet akituona anavuka barabara. Ikabidi nimkalishe Capucine chini. Nikamwambia, mke wangu, huku mtu hasemi mahali pake pa uyoga, hata mkewe hajui. Anamwonyesha mwanawe tu, tena siku akiona kwamba siku zake—



Mireille: Akiona kwamba nini? Malizia.

Bastien: Mtandao unakatakata.

Mireille: Mtandao mzima kabisa. Bastien, umepanda ukuta wa makaburi kuniambia habari za supu?

Bastien: Leo asubuhi baba kaniamsha. Vaa viatu, kasema, basi. Nikajua kuna ng'ombe anazaa. Kumbe tunapanda msituni. Anatembea kidogo, anasimama. Kidogo, anasi—

Mireille: Anasimama kwa nini?

Bastien: Pumzi. Anajifanya anatazama ndege. Dada, hakukuwa na ndege.

Mireille: Amekuonyesha.

Bastien: Chini ya miti ya mialoni, nyuma ya machimbo ya zamani. Tangu utotoni namnyatia, ananizungusha mpaka napotea. Leo kanishika mkono mwenyewe.

Mireille: Hongera. Umerithi uyoga. Kaukaange na kitunguu saumu.

Bastien: Usianze.

Mireille: Nianze nini? Si mimi niliyesema akapime kile kikohozi? Akaniambia nikapime akili, mezani, mbele ya mashemeji, kisu cha jibini mkononi. Nikafungasha nikaondoka hata kahawa haijaja. Basi, akili ninazo, niko Nantes, nimestarehe sana, asante.

Bastien: Nimemuuliza kama kaenda kwa daktari.

Mireille: Kajibu nini?

Bastien: Kasema uyoga unakatwa kwa kisu, haung'olewi.



Mireille: Mzee mjinga. [pumzi] Naogopa, mdogo wangu.

Bastien: Na mimi. Dada, kuna mahali pa pili. Ndipo penyewe hasa, panatoa mpaka mwezi wa kumi. Nikamwambia twende. Kakataa. Kule ni kwa Mireille, kasema.

[mtandao unakwaruza]

Bastien: Haloo? Upo?

Mireille: Nipo. Nafuta meza.

Bastien: Kaapa hakuombi uje. Ila kafua shuka za chumba chako, kazianika mbele kabisa, mpaka padri kaziona.

Mireille: Kwa baba, huko ndiko kupiga magoti. Zaidi ya hapo hawezi.

Bastien: Betri inakwisha. Unakuja, au nimwambie—

Mireille: Nakuja. Treni ya kwanza kesho, unipokee stesheni ya Brive. Lakini mwambie sitaki kuonyeshwa chochote.

Bastien: Ati nini? Atakasirika huyu.

Mireille: Akasirike mpaka Krismasi, itamfaa. Mwambie magoti yananiuma, mwaka huu siingii msituni. Atanionyesha mwakani.

Bastien: Mireille, mwakani baba—

Mireille: Mwakani, nimesema. Hataki mahali pake papotee, si ndiyo? Basi anisubiri.

Bastien: Dada, inazima, kwa—

Mireille: Mwambie hivyohivyo, usimpunguzie neno. Anisubiri. Bastien? Umesikia? Haloo?