Mama Robi na Swali la "Usiku Wako Ni Saa Ngapi?"

Na Agness Mniko, mapokezi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuhudumia wagonjwa, Muuguzi Esta Werema, ambaye sote tunamwita Mama Robi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wahariri wa jarida letu walitaka wasifu wake uandikwe na mtu anayekaa karibu na mlango wake, na hakuna meza iliyo karibu zaidi ya hii ya mapokezi.

Mama Robi alizaliwa Buswahili, wilayani Butiama, katika familia ya wafugaji. Alianza kazi Bunda mwaka 1992, wodi ya wazazi, na mpaka leo akipita sokoni kule husimamishwa na wanaume wenye ndevu aliowapokea wakizaliwa. Baadaye alisomea afya ya akili, akahamia kituo chetu hapa Bweri na kufungua kliniki ya Alhamisi katika chumba namba nne. Alikataa kibao mlangoni. Ndiyo maana wagonjwa hutuambia tu, "Naenda namba nne," na hakuna anayegeuka kuwatazama.

Mwanzoni lugha ilimsumbua. Siku moja alimweleza bibi mmoja wa Buhare kwamba ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Bibi akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Huyo Sonona ni binti wa nani, na mimi nimemkosea nini?" Mama Robi alicheka mpaka akakaa chini, na bibi naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja. Tangu hapo Mama Robi alianza kwa kumwuliza mgonjwa habari za chakula, usingizi na kazi, na jina la ugonjwa likafuata baadaye.

Lakini wengi watamkumbuka kwa jinsi alivyoeleza tofauti ya dawa mbili ambazo daktari wetu, Benson, huwaandikia wagonjwa wa sonona. Ya kwanza ni amitriptilini. Huleta usingizi, hukausha mdomo na inaweza kufunga choo, kwa hiyo humezwa wakati wa kulala. Humfaa mtu anayekesha akiwaza, au mwenye maumivu ya mwili yasiyoisha. Mama Robi alisisitiza iwekwe mbali na watoto, maana ikizidi kipimo inaweza kuua. Ya pili ni fluoksetini. Wengi haiwasinzishi, bali inaweza kuwafukuzia usingizi, kwa hiyo humezwa mtu akiamka, na siku za mwanzo tumbo linaweza kuchafuka. Zote mbili huchukua wiki kadhaa kabla ya kusaidia sawasawa, na hakuna ya kuacha ghafla bila daktari. Aliyeuliza ipi ni kali zaidi alijibiwa, "Kwani unatafuta pilipili? Tunatafuta inayokufaa wewe."

Somo hilo nalo alilipata kwa kukosea, na kisa hiki amekisimulia mwenyewe kila walipokuja wauguzi wapya. Revocatus, mvuvi wa dagaa kutoka kijiji cha ufukweni upande wa Bunda, alifiwa na mke, akabaki na watoto wawili. Hakula, hakulala. Daktari Benson akamwandikia amitriptilini, na Mama Robi akaandika juu ya bahasha ya dawa: kimoja usiku.

Revocatus alitii. Kila usiku, wenzake walipokuwa wakiwasha taa ili kuvuta dagaa, yeye alimeza kidonge chake, na muda si mrefu akawa anakoroma juu ya nyavu. Wakampa jina la Mheshimiwa. "Mheshimiwa, tukuletee godoro?" Utani huo ulikuwa na hatari ndani yake, kwa sababu angeweza kuangukia ziwani. Tajiri, mwenye mtumbwi, akamwambia akisinzia tena atafute kazi nchi kavu, naye hakuwa na kazi nyingine ya kulisha watoto.

Alirudi namba nne amekasirika. "Mama, mimi usiku nakuwaga kazini. Nalalaga jua likitoka. Dawa yako inanifukuzisha kazi."

Mama Robi akakiri palepale kwamba kosa ni lake. Hakuwa ameuliza. Walijaribu kuihamishia asubuhi, anaporudi kulala, lakini alasiri aliamka mzito, mdomo mkavu kama majivu. Daktari akaipunguza kidogo kidogo, kisha akamwanzishia fluoksetini, ya kumeza akiamka alasiri.

Sasa likaja jambo gumu zaidi. Dawa mpya haikumsinzisha, na Revocatus akaidharau. "Hii ni maji matupu. Ile ya kwanza angalau nilikuwa naisikia."

"Hii huisikii ikija," Mama Robi akamwambia. "Utashtukia tu umemaliza ugali."

Revocatus alitaka kuitupa. Kwa hiyo kila alipokwenda kusaidia kliniki ya Bunda, Mama Robi alipitia mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanapoegesha mitumbwi, kumwuliza alikula nini. Kwa wiki kadhaa jibu lilikuwa uji, tena nusu kikombe. Halafu siku moja, kabla hajafika alipokuwa Revocatus, alisikia sauti yake ikimtania mwenzake kwamba taa aliyoifunga imepinda kama shingo ya bata. Mama Robi anasema hakuuliza habari za chakula siku hiyo. Alisimama tu nyuma ya mitumbwi akifuta macho kwa kitenge.

Tangu hapo hakuna bahasha iliyotoka namba nne kabla ya mgonjwa kuulizwa, "Usiku wako ni saa ngapi?" Huulizwa walinzi, waoka mikate na hata wauguzi wa zamu.

Revocatus bado yuko mtumbwini. Dawa alishamaliza, kwa kuachishwa taratibu na daktari. Alhamisi iliyopita, kliniki ya mwisho ya Mama Robi, alikuja bila cheti cha matibabu, akiwa amemshika mkono mvuvi mwenzake aliyekuwa hainui uso. Wakiwa kwenye benchi alimnong'oneza, lakini sote tulisikia: "Humo ndani usione aibu. Mimi ndiye yule Mheshimiwa, na unaniona nakula."

Mvuvi huyo akainuka, akaingia peke yake.

Mama Robi, asante kwa kuuliza. Nenda salama Buswahili kwa ng'ombe wako na wajukuu wako. Sisi wa Bweri, Bunda na Butiama tunakuombea afya, furaha na miaka mingi ya kuifurahia nyumba yako.