Mzee Mteremko na Magari Yake Manne

Ndugu, jamaa, majirani, na wote mliowahi kulisukuma gari la marehemu, ambao ndio wengi wa waliokaa hapa uani: haya ndiyo maisha yake. Yameandikwa na mjane wake siku ya Alhamisi, na yanasomwa na mdogo wake marehemu kabla jeneza halijatoka. Msomaji ameombwa asiruke mstari, hata pale atakapoona aibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1959, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa karani wa kinu cha kusaga nafaka na mama yake alishona nguo za watoto. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea, wakaanza kuulizana kama miguu ni mizima, mpaka siku lori la kinu liliposimama mlangoni. Hapo akajivuta mwenyewe, akashika tairi, akasimama wima. Alipofika miaka saba alitumwa chumvi saa nne asubuhi. Alionekana saa kumi jioni, amelala chali chini ya lori lile lile, uso umejaa mafuta machafu.

"Chumvi iko wapi?" mama yake akauliza.

"Mama, kuna kitu kinavuja huku."

Chumvi haikupatikana siku ile. Na hivyo ndivyo alivyobaki. Ukimtuma marehemu kitu, gari likapita njiani, basi umeshakula hasara.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1977. Mwalimu wake wa darasa aliandika kwenye ripoti: "Ana akili, lakini anasikiliza barabara kuliko mwalimu." Ripoti hiyo ipo mpaka leo. Aliitunza pamoja na kadi za magari.

Februari 1979 aliajiriwa katika ofisi ya upimaji ardhi, kwanza kama kibarua wa kushika mnyororo wa kupimia, baadaye msaidizi wa mpima ardhi, na akastaafu tarehe 30 Juni 2019. Wakuu wake walimsifu kwamba kwa miaka arobaini hakuchelewa kazini hata siku moja. Mjane leo anatoa siri hiyo: alikwenda kwa miguu. Magari aliyapenda, lakini hakuwa mjinga.

Gari la kwanza alilinunua Novemba 1986 kwa mwalimu mkuu mstaafu. Lilikuwa karibu sawa naye kwa umri, naye akaliita Bi Mkubwa. Mwaka uliofuata alimwona binti mmoja wa kwaya, akaenda kwao kuzungumza. Maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Dada, nisikufiche. Nina mmoja tayari. Yuko hapo nje, lakini ni mpole." Binti alikuwa ameshanyanyuka kuondoka ndipo akaonyeshwa dirishani. Tangu siku hiyo alimwita Bi Mdogo. Aliambiwa aache. Hakuacha kwa miaka thelathini na minane.

Walifunga ndoa kanisani Jumamosi, tarehe 10 Septemba 1988. Kutoka kanisani kwenda ukumbini Bi Mkubwa alizimika kabla hata ya kona ya kwanza. Bwana harusi akavua koti, akamhamishia bibi harusi kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga hicho cha kushoto mpaka chini. Nikisema achia, achia."

"Mimi sijui kuendesha!"

"Huendeshi, Bi Mdogo. Unashika tu."

Hilo ndilo agizo la kwanza marehemu alilompa mkewe baada ya kiapo, hata nusu saa haijapita. Akasukuma yeye na msimamizi wake, akapiga kelele "Achia!", mguu ukaachia klachi, gari likaruka kama mbuzi, likawaka. Picha ya harusi iliyoko sebuleni inamwonyesha bibi harusi peke yake kwenye usukani, shela limebanwa na mlango. Wageni huuliza bwana harusi yuko wapi. Yuko nyuma, anasukuma.

Mwaka 1990 walitafuta kiwanja. Mkewe alitaka kile cha tambarare, karibu na bomba la maji. Marehemu akamwomba asubiri kidogo, akaja na kipimo cha ofisini Jumamosi tatu mfululizo, anachungulia, anaandika, anachungulia tena. Mkewe akafurahi, akadhani mumewe anatazama maji ya mvua yatapita wapi. Kumbe anatafuta mahali ambapo gari bovu litawaka lenyewe kwa kuteremka! Ndiyo sababu nyumba hii iko juu kabisa ya barabara, na ndiyo sababu mjane amepandisha ndoo za maji kwa miaka thelathini na mitano. Majirani wakamwita Mzee Mteremko. Yeye akaona ni sifa.

Gari la pili lilikuja mwaka 1991, likaitwa Kinyonga, kwa kuwa milango yake minne ilikuwa na rangi nne. Tarehe 22 Mei 1992 mkewe alishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Marehemu alitoka mbio kuwasha gari. Likagoma. Akarudi ndani, jasho linamtoka, akasema kwa upole ule wake unaokera: "Bi Mdogo, nasukuma mimi. Lakini usukani hauna mtu." Zahanati iko chini ya barabara hii hii. Mjane hataki kueleza zaidi, ila alishika usukani, akakanyaga, na aliposikia "Achia!" hakuachia kitu chochote, maana mikono na miguu yote ilikuwa na kazi nyingine. Waliteremka kimya mpaka mlangoni. Mkunga alipouliza dereva yuko wapi asogeze gari, marehemu alijibu, "Ndiye huyo anayejifungua."

La tatu, mwaka 1999, lilikuwa gari la duka la mikate, nalo likaitwa Mkate. Mlango wake wa nyuma ulifunguka wenyewe kila gari lilipopanda kilima. Marehemu alijua. Alisema, "Bado kitu kimoja tu, nitaufunga." Siku akina mama wa kanisa walipopewa lifti, mlango ulifunguka, na mwenyekiti wetu aliyekuwa amekalia kiti cha plastiki aliteremshwa barabarani taratibu, na kiti chake, na kitabu chake cha nyimbo. Hakuumia, Mungu ni mwema. Lakini hakumsemesha marehemu miezi minne, na mjane ndiye aliyepeleka mayai ya kuomba radhi.

Hayo yalikuwa maneno yake ya kila siku: bado kitu kimoja tu. Hakuna gari alilolimaliza. Hapakuwa na chumba kisicho na spea. Gia boksi ilikaa uvunguni mwa kitanda miaka sita. Kabureta ililoweshwa kwenye beseni la kuoshea vyombo. Betri ilichajiwa juu ya meza ya sala, pembeni ya Biblia. Mke akisema, marehemu hakubisha. Aliitikia "Kweli kabisa, mke wangu," akahamisha kitu kile chumba cha pili. Jirani yetu seremala alihamisha uzio wake mara tatu kukwepa magari yetu yanayoteremka. Mjane aliomba kwa kufunga na kwa machozi Mungu amwondolee mumewe moyo wa magari. Mwaka 2011, katikati ya maombi hayo, likaja la nne.

Lilikuwa pikapu. Mkewe alitoka mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Baba, mimi sasa subira imeniishia."

Marehemu akafikiri, akalitazama gari, akasema, "Basi hii tuiite Subira, ili iwepo nyumbani."

Februari 2024 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Hospitali walisema ni moyo. Daktari, kijana mstaarabu, alimweleza kwamba moyo ni kama pampu na ya kwake imechoka. Marehemu akauliza kama ya mtumba inapatikana. Alikatazwa chumvi, ambayo hata hivyo hajawahi kuileta, na alikatazwa kabisa kusukuma gari. Hilo la pili ndilo lililomuuma. Subira iliwaka mara ya mwisho Pasaka ya mwaka huu. Baadaye marehemu alikuwa akiketi dirishani, akimwomba mkewe aende akauzungushe usukani tu, matairi yasikae upande mmoja. Mke akaenda, sufuria iko jikoni, akasimama nje, akapitisha mikono dirishani, anazungusha usukani wa gari lisilokwenda popote. Mnaweza kucheka. Yeye hakucheka.

Mwanzoni mwa Oktoba, baada ya sala ya jioni, marehemu alisema, "Bi Mdogo, siku ile nisichukuliwe na gari la kukodi. Subira inatosha."

"Haiwaki."

"Isiwake. Kutoka getini mpaka makaburi ya kanisa ni mita mia nne na themanini, zote zinateremka. Nimepima. Ila usukani ushike wewe."

"Mimi? Na huzuni yangu, na miguu hii? Nikuangushe mbele ya mchungaji?"

"Hujawahi kuniangusha."

Mkewe alichoka. Alikuwa amechoka na magari kwa miaka thelathini na saba, na sasa hata kufa kwa mtu kunataka kusukumwa. Akamwambia, "Kunywa dawa, baba." Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Marehemu akanywa dawa, na hakuuliza tena. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa moja asubuhi, nyumbani, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mkewe, na jibu hakulipata.

Jumatano watoto waliagiza gari la mazishi, jeusi, zuri. Kijana wetu alisema, "Mama, tukimpeleka na Subira watu watatucheka." Mjane alikubali. Akatoka nje apumue kidogo, na kwa mazoea tu, miguu ikampeleka kwa Subira kuzungusha usukani. Safari hii aliingia akaketi, akashangaa. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele, na mto umeshonewa juu yake, mto wetu wa sebuleni uliopotea Julai, ambao mjane aliwalaumu wajukuu. Miguu ilifika kwenye breki bila kujinyoosha. Akainua macho kwenye kioo, akaona macho yake mwenyewe. Miaka yote kioo hicho kilimwonyesha paa.

Akamwita fundi wa gereji, mpwa wake marehemu, akamuuliza nani amegusa gari hili.

"Mimi, shangazi. Mjomba alinituma nifunge breki mpya, magurudumu yote manne. Nikamwambia, mjomba, injini imekufa, breki za nini? Akasema, Bi Mdogo anaogopa mteremko."

"Na nini kimebaki?"

"Hakuna, shangazi. Hili tumelimaliza."

Mjane alikaa humo ndani mpaka alipoitwa kula. Kisha akamwambia kijana wake arudishe lile gari jeusi.

Kwa hiyo msishangae mtakachokiona sasa. Jirani seremala ametengeneza jeneza linaloingia sawasawa kwenye bodi ya pikapu. Vipimo alipelekewa na marehemu mwenyewe mwaka jana, na anasema uzio wake ameuhamisha tena, kwa tahadhari. Fundi atatembea pembeni na gogo la kuzuia tairi. Kijana wetu atatembea mbele. Mchungaji ametubariki, ingawa ameomba kutembea nyuma. Injini haitawashwa. Usukani atashika mkewe.

Ombi ni moja tu kwa wale wenye mazoea: leo asitokee mtu wa kupiga kelele "Achia!" Mjane ameizoea kwa sauti moja.

Marehemu ameacha mke, watoto wawili, binti ambaye ni nesi na kijana ambaye ni mwalimu, wajukuu wanne, ndugu watatu, gia boksi moja ambayo mwenye kuihitaji aje aichukue leo hii, na Subira. Subira haiuzwi.

Bwana alitoa akili ile na mikono ile, na Bwana amevichukua. Jina lake lihimidiwe. Baba wa watoto wangu, jibu lako ni ndiyo. Upumzike kwa amani, na huko uliko Mungu akupe kiwanja cha tambarare, karibu na maji, ili nitakapokuja nisipande tena.