Penseli ya Chumba Namba Tisa

Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi alasiri, katibu muhtasi wa Idara ya Fasihi atafunga mlango wa chumba namba tisa na kukabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi mitatu kazini. Wote tunamwita Bi Penseli, naye huitika, ingawa siku ya kwanza kuitwa hivyo alitaka kujua nani kampa jina hilo na kwa idhini ya nani. Mimi nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa ndimi mkuu wa idara. Nimeuandika mara nne na bado sina raha. Kuna jambo moja linalopaswa kusemwa kabla ya Ijumaa, na wa kulisema ni mimi.

Nianze na jarida letu lenyewe. Mhadhiri akistaafu hupewa kurasa mbili na picha. Akistaafu karani, dereva au mfagizi, hupewa mistari minne chini ya ukurasa wa mwisho, na mistari yenyewe ni ileile: alikuwa mchapakazi, mcheshi, mwenye ushirikiano mwema. Bi Penseli anaijua mistari hiyo kwa moyo, maana ndiye aliyeichapa miaka yote, tangu enzi za taipureta na karatasi za kaboni. Na wasifu huu wake ulikuwa uchapwe na yeye vilevile. Ndiyo sababu kila nikishika kalamu najikuta nimegeuka kutazama mlango.

Aliajiriwa akiwa binti wa miaka ishirini na mitano, mwepesi wa vidole, ili achape tasnifu za wanafunzi na makala za walimu. Siku hizo idara nzima ilishikwa na homa ya nadharia. Hakuna tasnifu iliyotoka hapa bila kuahidi kufichua nani ana nguvu, nani kanyamazishwa, na kitabu kinalinda masilahi ya nani. Wengi wetu tulikariri tukafaulu. Yeye alizichapa zote mpaka tanbihi za mwisho, na katika kuchapa akazielewa, kisha akafanya jambo ambalo halikuwamo kwenye mkataba wake: akaanza kuzitumia.

Hakuwa mtu wa kubishana. Akifika mahali ambapo mwandishi kapitiwa, aliweka alama ndogo ya kuuliza pambizoni, kwa penseli laini inayofutika mara moja. Pengine aliongeza neno moja au mawili. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba katika riwaya aliyoichambua kijiji kizima kilimshangilia kiongozi mpya. Akaulizwa pambizoni nani alihesabu. Akarudi kwenye riwaya, akakuta kaya nne zilizobaki ndani siku hiyo, na tasnifu yake ikapata uhai. Wanafunzi wakazoea. Kazi ikitoka namba tisa bila alama hata moja, mwenyewe aliingiwa na wasiwasi, akadhani kazi yake haikustahili hata penseli.

Nje ya vitabu alikuwa vilevile. Mwaka mmoja utawala ulituletea tangazo la kuchapwa, likisema wafanyakazi wasitumie lango kuu siku ya mahafali. Bi Penseli aliona kwamba wahadhiri nao ni wafanyakazi, na hakuna aliyekusudia kuwazuia. Akalichapa kwa usahihi: wafanyakazi wasio wahadhiri wasitumie lango kuu. Hakuongeza kosa wala kejeli, alisema tu kilichokuwa kimekusudiwa. Tangazo lilikaa ukutani siku mbili, watu wakilisoma na kuangaliana, kisha likaondolewa kimyakimya. Mahafali hayo kila mtu alipita alipotaka.

Siku nyingine tulikuwa na semina kuhusu watu wanaowekwa nje ya masimulizi. Aliingia na nakala zetu, akaambiwa aziweke mezani, na akitoka afunge mlango. Aliufunga. Kisha akaufungua tena kidogo, akachungulia, akauliza kwa upole kama mada ilikuwa imeshaanza au huo ndio ulikuwa mfano. Tulicheka mpaka mtoa mada akapoteza ukurasa. Nilicheka kuliko wote, na leo kicheko hicho hakinikai vizuri.

Nyumbani nako hapakusalimika. Shemeji yetu, mumewe, fundi wa majokofu, alinilalamikia kwenye harusi ya binti yao mkubwa kwamba miaka mingi hajasikia taarifa ya habari mpaka mwisho. Kila habari ya tatu mkewe hupunguza sauti ya redio na kuuliza mbona waliobomolewa nyumba hawakuhojiwa. Alilalamika huku akimtazama mkewe ng'ambo ya ukumbi, na usoni hakuonekana mtu mwenye shida.

Sasa nifike kwenye langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Miaka kumi na tisa iliyopita nilimpelekea tasnifu yangu ya uzamivu. Ilihusu riwaya ya familia ya hakimu. Nilikuwa na kurasa mia tatu kuhusu sauti ya mnyonge, na mnyonge niliyemwona mimi alikuwa mtoto wa pili wa hakimu, aliyenyimwa urithi. Ukurasa wa mia na kumi na mbili ulirudi na alama ya penseli na neno moja: anayefua? Katika kila sura hakimu huvaa shati jeupe. Sikuwa nimemwona katika riwaya, wala sikumtaja katika tasnifu yangu, mtu aliyelifua.

Nilisoma riwaya upya kwa siku nne bila kutulia. Nikamkuta: ndoo mlangoni, kamba ya nguo, mkono uliopasuka ngozi katika sentensi moja tu. Nikaifuta ile alama kwa kifutio changu mwenyewe, nikaandika sura mpya ya nne. Sura hiyo ndiyo mtahini wa nje aliyoisifu. Ndiyo iliyofanya tasnifu igeuzwe kitabu, ikanipandisha cheo, ikanipa ofisi yenye madirisha mawili. Kwenye ukurasa wa shukrani nilimtaja msimamizi, wazazi, mke wangu, mkutubi, hata rafiki aliyeniazima feni. Bi Penseli sikumtaja. Ukurasa huo aliuchapa yeye, bila kosa la herufi, na pambizoni hakuweka kitu.

Rasimu yangu ya tatu ya wasifu huu ilikuwa tamu, ndefu, na haikuwa na habari hii. Nilimpelekea Jumatatu. Jumanne ikarudi imechapwa safi, na alama moja tu, pale nilipomwita mama yetu sote. Pembeni aliandika kwamba ana mabinti wawili na anawafahamu. Nilijaribu kucheka, nikashindwa. Nilikuwa nimefanya tena kilekile, kuificha kazi yake.

Jumatano nilikwenda namba tisa, nikasimama kama mwanafunzi aliyechelewesha kazi. Nilimuuliza mbona miaka ile hakuweka alama kwenye shukrani. Alimaliza kwanza mstari aliokuwa akiuchapa. Kisha akanijibu kwamba penseli ni ya mtu ambaye hajaona, na mimi nilikuwa nimeona.

Kwa hiyo rasimu hii ya nne sikumpa aichape. Nimeichapa mwenyewe kwa vidole viwili, na makosa mtakayoyakuta ni yangu. Nimeifikishia kamati ya jarida kurasa mbili kamili na nafasi ya picha, na nimewaambia mistari minne imekoma kuanzia na mtu huyu, na mfagizi wetu anayestaafu mwezi wa tisa naye apewe kurasa mbili. Kitabu changu kinachapishwa upya. Sura ya nne itakuwa na majina mawili chini ya kichwa, lake likitangulia. Nilipaswa kufanya hivyo miaka kumi na tisa iliyopita, na sina maneno ya kupamba kuchelewa huko.

Bi Penseli, asante kwa kila alama tuliyoifuta. Nenda ukapumzike, umwache shemeji asikilize taarifa ya habari moja mpaka mwisho, na siku zako ziwe nyingi na za amani. Nakala ya sura hiyo iko mezani kwako kabla haijaenda kiwanda cha uchapaji. Pambizo ya kushoto nimeiacha pana.