Siku Wanawake wa Ngonga Walipomsimamisha Jumbe

Sogeeni, wanangu. Aliko, kaa hapa nilipoelekeza uso, nawe Neli uniinue kichwa kidogo ili sauti ipate njia, kwa kuwa nimewaita nishukuru mbele yenu; kulia mtalia baadaye.

Mnajua kwamba mimi si wa Ngonga. Mimi ni Mkisi, binti wa wafinyanzi wa Ikombe, niliyekuja huku kwa mtumbwi kuuza vyungu, marehemu baba yenu akanunua kimoja, kisha akarudi akanunua kingine ambacho hakukihitaji, mpaka mama yangu akacheka akamwambia aseme anachokitaka. Ndiyo maana nilipofiwa nilikuwa mgeni, na mjane mgeni huishi kwa huruma ya wenyeji.

Tangu Mdachi aingie nimeona jumbe akipatikana kwa njia tatu. Mara ya kwanza bwana wa boma alinyoosha kidole, na aliyenyooshewa akawa jumbe, hata kama alikuwa amesimama pale kutazama tu. Mara ya pili wanaume walipangwa uwanjani, kila mmoja nyuma ya amtakaye, na baba yenu alikuwamo, sisi wanawake tukichungulia migombani. Mara ya tatu ni mwaka jana, na hiyo ndiyo iliyowaweka nyinyi hapa mlipo.

Jumbe yule wa pili alifariki vita vya Wazungu vikiwa vimepamba moto, na boma likataka jumbe mpya upesi, kwa sababu jumbe ndiye aliyeamua mtoto wa nani aende kubeba mizigo ya jeshi. Waliotaka cheo walikuwa wawili, baba yenu mdogo Hezroni, na Asegelile, yule mzee mpole wa kule mtoni. Hezroni, akijua uwanjani watajaa wanawake, akaja mlangoni kwangu akasema, "Shemeji, ukisimama nyuma yangu, Aliko atabaki nyumbani. Usiposimama, kumbuka shamba unalolima ni la ndugu yangu, na mrithi ni mimi." Wanangu, damu ni nzito kuliko maji, na nilitamani kukubali. Lakini nilijiuliza, Aliko akibaki, ataondoka wa nani? Nikawaona wajane wenzangu, mmoja mmoja, na watoto wao.

Karani wa boma alipofika na askari alikuta uwanja umejaa wanawake, wanaume wengi wakiwa wameshachukuliwa. Akafoka kwamba wanawake hawachagui jumbe. Hakuna aliyeondoka. Jua likapanda, naye alitakiwa kurudi bomani Mwaya na jina siku ile ile, akasema haya, kila mke asimame badala ya mumewe, wajane wakae pembeni. Hapo jirani yangu Felista, Kyala Mungu wetu amrehemu, akanishika mkono akaniburuta katikati. "Bwana karani," akasema, "kodi ya kibanda cha huyu uliipokea. Uliipokea kwa maiti?" Hata askari walicheka. Karani akatupungia mkono tupite.

Nikapita mbele ya Hezroni, ananitazama, nikaenda kusimama nyuma ya Asegelile. Nilipogeuka nikaona wajane wote wa Ngonga wako nyuma yangu, na karani akaandika jina la Asegelile.

Hezroni alininyang'anya shamba kabla ya mvua. Lakini Felista na wenzake walikuja na majembe, wakafyeka matete kule bondeni, wakanipandia mpunga katika ardhi isiyokuwa ya mtu, nami mgeni nikawa na changu. Ndaga fijo, wanawake wa Ngonga. Asante haitoshi.

Na boma lilipodai wapagazi, Asegelile hakugusa nyumba ya mjane. Zamu ya Aliko ilipotajwa na boma lenyewe, alimwita mwanawe Andrea, akamwambia, "Nyanyua mzigo wa mwenzako." Andrea akaunyanyua. Hakurudi. Aliko, unapumua pumzi mbili, yako na yake. Usiinuke asubuhi hata moja ukasahau hilo, usiwe punda alipaye fadhila kwa mateke.

Sasa sikieni mali yangu, ni chache. Shamba la bondeni ni lenu nyote wawili, msiligawe kwa ugomvi. Neli, vifaa vya ufinyanzi ni vyako. Udongo upatize ungali maji, nawe wafundishe watoto wa jirani kama nilivyokufundisha. Ng'ombe na ndama wake mpelekeni kwa watoto wa Felista. Shamba la baba yenu mwachieni Hezroni, msiende barazani kulidai. Akija msibani mpeni kiti, mpeni wali, mleni naye sahani moja. Mwaka huu amezika wawili wa nyumbani kwake, na chuki ya ndugu ni moto wa pumba, huteketeza chini kwa chini.

Maji, Neli... tone tu. Basi.

Kyala awape mvua kwa wakati wake. Awape majirani kama niliopewa mimi, na... na mkono mwepesi wa kutoa. Nimeshiba, wanangu. Mgeni gani ameshiba kama mimi?

Kuna mtu uani... nasikia kikohozi chake. Ni Asegelile, nilimwita. Mfungulie, Aliko. Na kuanzia leo... shika jembe lake, lima kwake kwanza, kwako baadaye. Nenda. Mwite baba.