Bi Thuwaiba Tamim, Mpima Wapokezi wa Hadithi

Kwa Mola katoka, kwa Mola karejea. Bi Thuwaiba binti Tamim Darwesh alizaliwa Malindi, Mji Mkongwe, tarehe 9 Machi 1953.

Kurani aliisoma chuoni, hadithi za Mtume kwa ami yake. Kilichomshika zaidi ni watu walioibeba hadithi. Kabla ya kuuliza inasema nini, aliuliza: nani kaipokea, kwa nani, na walionana kweli? Mkweli? Ana hifadhi, anakumbuka sawasawa?

Mwaka 1975 aliposwa na Mcha Haji, mfanyakazi wa shamba la Kizimbani, asiyejua kusoma. Bi Thuwaiba hakuwauliza marafiki wa Mcha. Alimuuliza jirani yake na mtu aliyesafiri naye. Jirani akasema, "Mkweli, ila kusema mvivu."

"Basi hata akikosea atakosea kidogo," akasema Bi Thuwaiba, akakubali.

Alisomesha wanawake nyumbani kwake Kiembe Samaki hadi uzeeni.

Mwaka 2023 akaanza kuchanganya majina ya wapokezi, la huyu akampa yule. Mumewe aliona, akanyamaza. Siku moja, baada ya darasa, Bi Thuwaiba akamuuliza mumewe.

"Baba Afra, nshaanza kuchanganya?"

"Umechoka tu."

"Sikukuuliza kuchoka. Wewe ndo unayeishi na mimi. Wanavyuoni walisema kweli hata juu ya baba zao, wewe unamwonea haya mkeo?"

Mzee Mcha akatazama chini. "Tangu Idi Kubwa," akasema.

Wiki ile Bi Thuwaiba aliwaita wanafunzi. Aliwaambia mpokezi akizeeka akachanganyikiwa, yake ya kabla huchukuliwa, ya baada huachwa. "Yangu ya tangu Idi Kubwa msimsimulie mtu."

Mwanafunzi wake Bashira akalia.

"Unalia nini, mwanangu? Ya kabla mazima yale."

Tangu hapo mumewe hakujua kama alimuumiza. Kuuliza aliogopa.

Bi Thuwaiba alifariki nyumbani tarehe 6 Februari 2025, akazikwa Chukwani. Ameacha mume, Mcha Haji. Watoto wawili, Afra na Abdulrazak. Wajukuu, na wanafunzi wengi.

Wiki ya mwisho alikuwa hamjui hata Afra. Asubuhi moja alimshika mumewe mkono, akamwita kwa jina, akasema, "Mcha, nna radhi nawe. Ulinambia kweli."

Kwa kanuni aliyoiweka mwenyewe, neno hilo halichukuliwi. Mumewe amelichukua.

Mola amrehemu, ampumzishe.