Moto wa Kwanza Kule Seme

Akina mama, niacheni nisimame hapa karibu na dirisha, maana haya mambo yananitoa jasho hadi leo. Mungu ni mwema, nimepona. Sijasema nimepona kabisa.

Mnajua mzee wangu alipostaafu alisema amechoka na kelele za Kisumu. Akataka tuhamie Seme, kwenye kile kipande chetu cha msitu, ajenge nyumba ya kisasa katikati ya miti: vigae, vioo vikubwa, umeme wa sola, bomba ndani ya nyumba. Nikamwambia, "Baba, ni nyani watanunua nguo ninazoshona?" Akacheka, akaenda. Akawa anaondoka Jumatatu, anarudi Jumamosi.

Jumamosi moja nikampakulia omena, dagaa wetu wa ziwani. Akala, kisha akasema, "Yule mama anayepikia mafundi, omena zake hazina uchungu hata kidogo."

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka. Miaka yote ya ndoa hajawahi kusifu omena zangu! Nikauliza ni nani huyo. Mjane, anakaa jirani. Ana umri gani? "Sijamuuliza." Hajamuuliza! Nikaanza kunusa mashati. Yakinuka moshi, nasema ni moshi wa jiko lake. Yakinukia sabuni, nasema amemfulia. Nikawa nakata vitambaa vya watu vibaya, wateja wakahama. Chakula kikawa hakishuki. Ninyi wenyewe mlinipeleka kliniki presha ikiwa juu, mkidhani ni malaria. Haikuwa malaria. Ilikuwa omena.

Nyumba ikaisha, akaja kunichukua. Sisi Wajaluo tunajua boma jipya halifunguliwi bila mke: mimi ndiye niwashe moto wa kwanza, na tulale pale pamoja. Nikamwambia, "Mwambie mpishi wako akuwashie." Kwetu hilo ni neno baya sana, ni kama kumpa mwingine ndoa yako. Akachukua koti, akaondoka. Jumamosi hakurudi. Iliyofuata pia hakurudi.

Mvua zikaanza. Mimi niko kitandani najichorea picha: wako nyuma ya vioo vyangu, juu ya vigae vyangu, wanakula. Wivu ulinila mpaka nikasema heri niende niwafumanie. Nikapanda boda boda mchana, leso nimeifunga kiunoni tayari kwa vita.

Nyumba ilikuwa nzuri, nzuri ya kukuudhi. Nikasukuma mlango. Vigae vilikuwa na vumbi, na kwenye lile vumbi hakuna alama ya mguu wa mtu. Jiko lilikuwa bado limefungwa karatasi za dukani.

Nikasikia mtu anakohoa huko nje. Mzee wangu alikuwa kwenye kibanda cha mabati cha kuwekea saruji, godoro juu ya mbao, maji yakimdondokea miguuni. Nyumba nzima iko tupu, na yeye amelala na saruji!

Yule mama mpishi alikuwa mlangoni pa kibanda na bakuli la uji. Hakunisalimia hata. "Nimemwambia aingie ndani, amekataa," akasema. "Anasema mwenye nyumba hajafika. Mama, washa moto, huyu mtu atakufa."

Nililia, ile leso ya vita ndiyo nikajifutia machozi. Nikaingia, nikawasha moto, nikamshika mkono mzee wangu, tukalala ndani.

Asanteni mlionipeleka kliniki, na mlionivumilia nikinuna. Funzo langu ni hili: wivu ukikushika, amka uende uone kwa macho yako. Mimi nilikaa kitandani nikiwatazama watu ambao hawakuwepo, huku mume wangu akinyeshewa kwa ajili yangu.

Na yule mama yuko hapa leo, ameketi huko nyuma. Simtaji. Ero kamano, asante sana, dada yangu. Umenihifadhia mume. Omena zako nimeonja, na ni kweli, ni tamu kuliko zangu. Karibu kwetu Seme siku yoyote. Ila jikoni kwangu usiingie.