Cirhuza Bienvenu, Mbunge Aliyejiandikisha Fundi Cherehani

Ndugu katika Bwana, mukae kidogo, familia iwasomee safari ya baba yetu, Cirhuza Bienvenu.

Alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, tarehe 14 Machi 1953, akasoma shule ya msingi kwa mapadri kulekule, na sekondari Bukavu, akapata diploma ya ualimu mwaka wa 1973, akafundisha historia miaka thelathini na mitatu. Tarehe 11 Agosti 1979 alifunga ndoa na mama Annonciata, Mungu akawapa watoto wanne, Rodrigue, Olga, Rosette, na mmoja aliyetangulia akiwa mchanga.

Mwaka wa 2006 alichaguliwa mbunge wa jimbo, na mwaka wa 2011 mbunge wa taifa, akaenda Kinshasa, akatetea wakulima waliofukuzwa mashambani mwao, mpaka watu wenye silaha wakavunja mlango wa nyumba yake, na tarehe 2 Juni 2014 akafika hapa Malawi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na familia.

Akiogopa kwamba waliomtafuta wana masikio hata kambini, alijiandikisha kuwa fundi cherehani, kisha akajifunza kweli kushona, mama Annonciata akimfundisha, akapata meza soko la Tsoka, Lilongwe. Mwaka wa 2019, alipoitwa kuulizwa juu ya kuhamishiwa nchi ya tatu inayopokea wakimbizi, alisema ukweli kwamba alikuwa mbunge, maneno ya kwanza na ya pili hayakupatana, dosiye ya maombi ya familia nzima ikasimama hadi leo. Olga alimwambia, "Papa, si ungebakia tu fundi, tungekuwa tulishaenda," naye akajibu, "Mwanangu, mi nilichoka kuwa mutu mwingine."

Kisukari kilimshika mwaka wa 2022, figo zikachoka, akalazwa hospitalini Lilongwe wiki tatu, akafariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia nsima siku zote hizi, na mafundi wenzake wa Tsoka, waliomtania "mheshimiwa wa sindano" kwa jinsi alivyoongea, bila kujua kwamba alikuwa mheshimiwa kweli.

Alituomba kitu kimoja tu, historia hii isomwe yote, pamoja na uongo ule, kwa sababu mama Annonciata ataitwa tena kuulizwa, na hana mashahidi wengine ila ninyi muliopo hapa, basi mukiulizwa, museme haya muliyosikia, musiongeze, musipunguze.

Papa, umengoja vya kutosha, pumzika sasa katika amani ya Bwana.